Daraja lililokataa misumari

Msomaji mpenzi, bila shaka kisa hiki si kigeni kwako. Redio iko juu ya meza, taarifa ya habari inasomwa, na kando yake pamewekwa simu ya mkononi. Ghafla redio inaanza kukwaruza: trrr-trrr, trrr-trrr. Kabla hujauliza kulikoni, simu inalia!

Hakuna waya wowote uliounganisha vifaa hivyo viwili, na hata hivyo kimoja kimemsumbua mwenzake. Kilichopita kati yao ni kile ambacho wanasayansi hukiita uga wa sumakuumeme. Simu inapozungumza na mlingoti wake hutoa mawimbi, nayo mawimbi hayo yakikuta waya ndani ya redio huamsha umeme kidogo humo. Redio, maskini, haijui kama umeme huo ni wake au ni wa jirani. Inaunguruma tu.

Kwa redio ya mezani, hilo ni jambo la kucheka. Lakini je, ingekuwaje kama kilichokwaruza ni mtambo unaopeleka dawa kwenye mshipa wa mgonjwa, au ndege iliyo angani na watu ndani yake? Leo nakualika twende pamoja hadi mahali ambapo swali hilo liliulizwa kwa ukubwa usio na kifani, na jibu lake likatafutwa kwa mbao, gundi na radi iliyotengenezwa na binadamu. Mahali hapo ni Albuquerque, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani.

KITI CHA DIRISHANI

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Albuquerque, hivyo jitayarishe kubadilisha ndege njiani. Ukifika, mkazi wa Nairobi hutatatizika na mwinuko, kwani mji huo uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kitakachokushangaza ni ukavu. Hili ni jangwa, na maji ya kutegemewa ni ya mto Rio Grande, unaopita katikati ya mji ukisindikizwa na ukanda mwembamba wa miti. Nyumba nyingi zina rangi ya udongo, kuta zake nene na pembe zake za mviringo, kwa mtindo wa kale wa wenyeji na Wahispania waliojenga kwa matofali ya tope lililokaushwa juani.

Upande wa mashariki umesimama mlima Sandia. Neno hilo kwa Kihispania ni tikitimaji, nawe ukitazama mlima huo jua linapotua, ukawa mwekundu-mwekundu kama tunda lililopasuliwa, utaelewa kwa nini watu hulitaja jina hilo kwa tabasamu.

Omba kiti cha dirishani. Uwanja wa ndege wa mji huo unatumia njia za kurukia pamoja na kambi ya jeshi la wanahewa ya Kirtland. Kilomita chache kusini mashariki mwa njia kuu, ndani ya bonde kavu, kuna kitu ambacho mtu wa Pwani angedhani ni gati lililosahauliwa na bahari. Ni daraja pana la mbao linalotoka ukingoni mwa bonde, likaenda hadi katikati, likakomea hapo. Halivuki kwenda ng'ambo. Mwisho wake ni jukwaa la mraba lililo juu ya msitu wa nguzo.

Wenyewe hulifahamu kwa jina la Trestle, yaani daraja la nguzo za mbao mfano wa yale yaliyobeba reli zamani. Jina lake rasmi ni ATLAS-I. Lilijengwa kati ya mwaka 1972 na 1980, kwa gharama ya takriban dola milioni 60.

MBAO KILA MAHALI

Hebu tulitazame kwa karibu, angalau kwa macho ya fikira, kwa kuwa liko ndani ya kambi na mgeni haingii ovyo. Jukwaa lenyewe lina upana wa mita 61 kila upande. Liko mita 36 juu ya sakafu ya bonde, yaani kimo cha jengo la ghorofa 12. Njia inayoelekea huko ina upana wa mita 15. Lilisanifiwa lihimili ndege ya kijeshi aina ya B-52 iliyojaa mafuta, mzigo wa kama tani 250.

Mbao zilizotumika zingejaza takriban mita za ujazo 15,000. Ni za miti ya jamii ya misonobari, vipande vikiwa vimegandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka hadi vikawa mihimili minene. Na sasa sikiliza ajabu yake: fundi hakuruhusiwa kutumia msumari wa chuma. Parafujo zilikuwa za mbao. Nati zilikuwa za mbao. Viungo vilichongwa vikashikana kama vidole vya mikono miwili. Hadi leo hutajwa kuwa jengo kubwa kuliko yote duniani lililofanywa kwa mbao na gundi pasipo chuma.

Kwa nini taabu yote hiyo? Fikiria daktari anayetaka kusikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa huku matwana yakipiga honi dirishani. Atasikia nini? Chuma kina tabia ya kuyarudisha mawimbi ya sumakuumeme, kama ukuta unavyorudisha mwangwi. Laiti jukwaa lingekuwa la vyuma, vyuma hivyo vingeitikia pamoja na ndege, na wapimaji wasingejua ni sauti ya nani waliyoisikia. Ndege inapokuwa angani haina jirani. Ilibidi basi isimamishwe juu, mbali na ardhi, juu ya kitu kinyamavu. Mbao kavu ndizo zilizojua kunyamaza.

USIKU WA HONOLULU

Pengine unauliza, ni nani aliyekuwa na hofu kubwa kiasi hicho cha kujenga jambo kama hili? Jibu linatupeleka magharibi, katikati ya bahari ya Pasifiki.

Usiku wa Julai 8, 1962, kwa saa za Hawaii, watu wa Honolulu walikuwa macho. Ilikuwa imetangazwa kwamba Marekani ingelipua bomu la nyuklia angani, na baadhi ya hoteli zilikuwa zimeandaa karamu kwenye mapaa ili wageni wajionee. Saa tano za usiku bomu hilo, lililopewa jina la Starfish Prime, lililipuka kilomita 400 juu ya eneo la kisiwa cha Johnston. Nguvu zake zilikuwa sawa na tani milioni 1.4 za baruti, zaidi ya mara 90 ya lile lililoteketeza Hiroshima. Anga ikawa na rangi za kutisha na kupendeza kwa pamoja.

Lakini hilo halikuwa yote. Kutoka palipolipukia bomu hadi Honolulu ni takriban kilomita 1,450, kama mara tatu ya safari ya Nairobi hadi Mombasa. Hakuna upepo wala joto lililofika huko. Hata hivyo, kwa wakati ule ule, taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika. Ving'ora vya kuzuia wezi vikalia vyenyewe. Mtambo wa simu uliounganisha kisiwa hicho na kile cha Kauai ukaharibika.

Mlipuko wa juu kiasi hicho hutoa miale mikali, nayo ikigonga hewa iliyo chini yake hutimua chembe za umeme. Chembe hizo zikisukumwasukumwa na usumaku wa dunia, hutoa wimbi moja kali la ghafla: mpigo wa sumakuumeme. Mpigo huo haumdhuru mtu aliyesimama barabarani. Unachotafuta ni waya. Kadiri waya ulivyo mrefu, ndivyo unavyokusanya umeme mwingi zaidi.

Oktoba 22 mwaka huo huo, Muungano wa Kisovieti nao ulilipua bomu lake juu ya Kazakhstan. Laini ya simu yenye urefu wa kilomita 570 ilizimwa huko chini. Pande zote mbili sasa zilikuwa zimeonja.

Kisha likaja jambo la heri. Agosti 5, 1963, miezi minne tu kabla ya Kenya kupata uhuru, Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia sahihi mjini Moscow mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, angani na chini ya maji. Ulimwengu ukashusha pumzi. Wanajeshi, hata hivyo, walibaki na kitendawili. Walijua kwamba mpigo upo, walijua kwamba ndege zao zilikuwa zikijazwa mitambo ya kielektroniki kila uchao, na hawakuwa tena na ruhusa ya kulipua bomu ili waone kitakachotokea. Ilibidi watafute mpigo usio na bomu.

RADI YA KUTENGENEZWA

Hapo ndipo Trestle linapoingia. Kandokando ya jukwaa ilikaa mitambo miwili, kila mmoja ukiwa na uwezo wa voti milioni 5. Hiyo ni mitambo ya aina iliyobuniwa na Mjerumani Erwin Marx mwaka 1924, na kanuni yake hata mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuifuata.

Chukua watoto 50, umpe kila mmoja tofali moja. Kila mmoja amebeba mzigo mwepesi. Sasa piga filimbi, na wote kwa mpigo mmoja wapange matofali yao, moja juu ya jingine. Ghafla una mnara. Mtambo wa Marx hujaza umeme katika vihifadhi vingi vilivyopangwa sambamba, kila kimoja kwa voti za wastani. Kisha cheche huviunganisha ghafla vikawa mfuatano mmoja, na voti zote zikajumlika.

Mitambo hiyo miwili ilipofyatuka pamoja ilitoa nguvu za wati bilioni 200. Ili upate picha, mahitaji ya juu kabisa ya stima katika Kenya nzima yalipita wati bilioni 2.3 mwaka 2025. Tofauti ni kwamba nguvu za Trestle zilidumu kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua kwa mara maelfu. Wimbi lilipita juu ya ndege iliyosimama pale jukwaani, likatawanyika, na bonde likanyamaza tena. Hapakuwa na moshi wala sumu ya nyuklia.

Baada ya hapo kazi ya kweli ikaanza. Je, umeme uliingia wapi? Ulifika hadi waya gani? Kifaa kipi kiliduwaa, kipi kiliungua, na kipi kiliendelea kana kwamba hakikuona kitu?

Wakazi wa Kisii na kando ya ziwa wataelewa haraka, maana radi kwao ni jirani asiyebisha hodi. Radi inapiga mti ng'ambo ya boma, na runinga iliyoko sebuleni inakufa, ilhali nyumba haikuguswa. Umeme uliingia kupitia waya wa stima au wa antena. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Mwili wake ni wa chuma, na chuma kizima ni ngao nzuri. Lakini ina madirisha, milango, antena na matundu ya kupitishia nyaya. Mpigo hupenya pale palipo na mwanya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijui methali nyingine inayoeleza kazi hii vyema zaidi. Wahandisi waliziba nyufa moja baada ya nyingine. Nyaya hufunikwa kwa wavu wa chuma. Kingo za milango hutiwa utepe wa chuma ili zishikane barabara. Penye mwingilio wa waya hutiwa kichujio kinachoruhusu umeme halali na kuuzuia mgeni, au kifaa kinachomwaga umeme wa ziada kwenye mwili wa ndege. Kisha ndege inarudishwa ipigwe tena, maana ngao isiyojaribiwa ni imani tu.

Jambo lililokuwa hatarini halikuwa ndege peke yake. Wakati huo wa vita baridi, kiongozi ambaye mitambo yake imenyamaza ghafla angeweza kudhani kwamba ameshashambuliwa, akatoa amri ambayo haina kurudi nyuma. Ukimya wa redio ungeweza kuua watu wengi kuliko mlipuko wenyewe.

KUTOKA KAMBINI HADI JIKONI

Usidhani, msomaji, kwamba hayo yote ni ya wanajeshi. Redio za zamani zilitumia vali kubwa za kioo ambazo zilivumilia mishtuko mingi. Transista ni nyepesi zaidi kudhurika, na vijidude vilivyomo ndani ya simu yako leo ni vidogo mno hivi kwamba umeme mdogo tu unavitosha kuvikanganya. Nasi tumevikabidhi fedha zetu, mawasiliano yetu, hata mapigo ya mioyo yetu.

Kwa hiyo upimaji umehamia vyombo vya kawaida. Kuanzia Januari 1, 1996, nchi za Ulaya zililazimisha kila kifaa cha umeme kinachouzwa huko kithibitishe mambo mawili: kwamba hakiwasumbui jirani zake, na kwamba chenyewe hakisumbuki ovyo. Kipimo cha kawaida kwa vifaa vya nyumbani ni uga wa voti 3 kwa kila mita, na kwa vya viwandani voti 10. Bomu la angani hukadiriwa kuleta voti 50,000 kwa kila mita. Waona basi jinsi ngazi hiyo ilivyo ndefu.

Vipimo hivi hufanyiwa katika chumba cha ajabu. Kuta zake ni za chuma ili mawimbi ya nje yasiingie, na kwa ndani zimefunikwa kwa mapiramidi ya sponji yenye kaboni yanayomeza mawimbi yasirudi. Kifaa huwashwa kikaachwa kifanye kazi yake, antena ikakielekea na kukitumia mawimbi ya kila aina, huku kamera ikikitazama. Kioo kilitetemeka? Pampu ilisita? Saa ilikosea? Chumba hicho, ukikifikiria vyema, kinafanya kazi ya lile bonde la Albuquerque: kunyamazisha vingine vyote ili kifaa kimoja kisikike.

Hapa kwetu, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viidhinishwe na Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuuzwa. Kwa hivyo unaponunua chaja ya bei ya kutupa pale kando ya barabara, kisha redio ikaanza kuunguruma kila unapoichomeka, umeuziwa kitu ambacho pengine hakikuwahi kuulizwa maswali hayo mawili.

JARIBIO LA MEZANI

Wanafunzi, msibaki watazamaji. Tafuteni redio ndogo inayotumia betri, muiwashe katika stesheni ya masafa ya kati, kisha muitie ndani ya sufuria ya chuma na kufunika kwa kifuniko chake. Mara nyingi sauti itafifia au itakatika kabisa. Sogeza kifuniko kidogo, usikilize. Badilisha hadi masafa ya FM, ufungue mwanya mdogo kwanza, kisha mkubwa. Andikeni katika daftari ni mwanya wa kiasi gani uliorudisha sauti.

Mwingereza Michael Faraday alifanya jambo la aina hiyo mwaka 1836 kwa chumba kizima alichokifunika kwa karatasi ya chuma, akaona kwamba umeme wa nje haukumfikia aliyekuwa ndani. Onyo ni moja: tumieni redio ya betri peke yake, msiguse nyaya za stima, wala msithubutu kuitia redio au sufuria hiyo katika tanuri la mikrowevu.

MBAO ZIMEBAKI

Trestle lilifungwa mwaka 1991, vita baridi vilipomalizika. Kompyuta zilikuwa zimeanza kuiga hesabu za mpigo kwa gharama ndogo zaidi. Jukwaa likaachwa pale pale bondeni. Jua la jangwa limezikausha mbao zake kwa miaka zaidi ya 30, nazo zilikuwa zimetiwa dawa ya kuzuia kuoza ambayo hushika moto upesi. Mitambo ya kunyunyiza maji ilizimwa lilipofungwa. Wapo waliopendekeza lihifadhiwe kama kumbukumbu ya taifa, lakini cheche moja yaweza kulimaliza kabla wakubwa hawajaafikiana.

Ukipata bahati ya kufika Albuquerque, ipeleke familia yako katika jumba la makumbusho ya sayansi na historia ya nyuklia lililoko mjini humo, ambalo milango yake iko wazi kwa umma. Nje yake imeegeshwa B-52, nanyi mtaweza kusimama chini ya bawa lake. Wakumbusheni watoto kwamba ndege nzito kama hiyo iliwahi kubebwa na mbao na gundi, ghorofa 12 juu ya ardhi, ili watu wasilazimike tena kulipua bomu juu ya bahari kwa sababu ya kujua tu.

Hofu ndiyo iliyolijenga daraja lile, hilo halifichiki. Lakini aliyejenga alikubali kwamba chombo chake huenda kina ufa, akautafuta kwa gharama kubwa kabla ya siku ya taabu. Nawe jioni ya leo, redio itakapokwaruza mezani na simu ikalia, usikasirike. Sogeza simu kando kidogo, kisha waeleze watoto ni nani aliyepita.